Miezi Sita na Tisa, Pamoja

Nyumba ile ilikuwa na sheria zake, na ole wako ukizichukulia kimzaha kwa sababu tu zinachekesha. Mke alikuwa karani wa mahakama, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mjini walimwita Bi Kifungu, maana ukipita mbele yake bila salamu anaweza kukutajia hapo hapo kifungu ulichovunja. Mume alikuwa askari magereza, lakini si yule wa kusimama getini na bunduki. Yeye alikaa ofisi ya rejista, akipokea hati za kifungo kutoka mahakamani na kupiga hesabu: fulani kaingia lini, atatoka lini. Naye hakukosa jina lake. Mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja ya kifungo, na hakuna mtu duniani aliyeipenda theluthi ile kama huyu mzee, kwa hiyo akaitwa Bwana Theluthi, na jina likamkaa.

Makosa ya nyumbani waliyapanga kama yanavyopangwa makosa ya kazini, madogo huku na makubwa kule. Kuacha taulo mbichi kitandani ni kosa dogo, adhabu yake karipio. Ukirudia unapewa onyo, nalo linaandikwa nyuma ya kalenda ya jikoni. Kumaliza sukari na kunyamaza kimya kama hukuhusika ni huduma kwa jamii, yaani vyombo vya siku nzima. Na kumkatiza mwenzako hadithi mbele ya wageni ni kifungo cha nje, ambacho Bi Kifungu alipenda sana kukieleza: "Umefungwa, lakini unabaki hapa hapa unakula raha zako. Thubutu kurudia, ndipo utaingia." Kuingia maana yake kulala chumba cha wageni. Miaka thelathini na tatu ya ndoa, chumba kile hakijapokea mfungwa.

"Mimi mwenzenu nilihukumiwa maisha siku ileile niliyofunga ndoa," Bwana Theluthi aliwaambia wageni. "Na rufaa sikukata."

Tatizo lake lilikuwa moja tu. Akipewa vyombo, anaosha theluthi mbili, anapangusa mikono, anakunja kitambaa. "Tabia njema," anasema. "Zilizobaki ni msamaha."

"Wee! Tangu lini mfungwa akajisamehe mwenyewe?"

Anakwenda zake kibarazani akipiga mluzi, na sufuria anaisugua mke, akinung'unika na kucheka kwa pamoja. Hilo halimo katika kanuni yoyote ya adhabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, mwaka huu ninaousimulia, Bi Kifungu alibakiza mwezi mmoja astaafu. Faili lake lilikuwa jeupe pe, halina onyo hata la kusingiziwa. Wenzake ofisini walishaandaa barua ya kumuaga, na katikati ya barua palikuwa na sentensi aliyokuwa ameiona kwa jicho la pembeni: "katika utumishi wake wote hajapata kuonywa." Aliisoma mara moja tu mezani kwa mwenzake, lakini kichwani aliirudia kila siku akivaa viatu. Msimcheke. Mtu akifanya kazi miaka thelathini na moja, sentensi moja ya kusifiwa si nyingi.

Jumanne moja jioni mume alirudi kutoka kazini, akapita moja kwa moja na mabuti yake hadi juu ya mkeka.

"Karipio," mke alisema bila kuinua macho.

Hakujibu. Akakaa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hapo Bi Kifungu akajua kuna jambo, kwa sababu mume wake hukata rufaa hata kwa karipio.

"Leo nimemliza mtu getini," akasema.

"Nani huyo?"

"Unamjua yule fundi cherehani tuliye naye kule ndani? Aliyenishonea upya kola ya sare? Mkewe amekuja. Mimba hii hapa, leo kesho anajifungua. Kabeba shati la mumewe limepigwa pasi, na viatu kwenye mfuko. Ananiambia, baba, nimekuja kumchukua mume wangu, leo anatimiza. Nafungua rejista, naangalia, bado miezi minne."

"Masikini wa Mungu."

"Nikamuuliza, binti yangu, nani aliyekwambia ni leo? Akasema kuna mama mmoja pale mahakamani alimpigia hesabu siku ya hukumu. Nikamwambia basi huyo mama hesabu zimempita kando. Akakaa chini pale pale kwenye benchi, akalia. Sijui hata nimetoka vipi pale."

Bi Kifungu aliweka kikombe chini.

"Huyo mama ni mimi," alisema.

Alimkumbuka vizuri yule binti. Mumewe, fundi, aligombana na mwenye duka aliyekataa kupokea suruali ishirini za oda akisema zimeshonwa na mlevi. Fundi hanywi. Hasira zikampanda, akampiga yule bwana kofi, na katika purukushani ileile akapiga teke kabati la vioo likavunjika vipande. Akashitakiwa kwa makosa mawili, shambulio na kuharibu mali. Akakiri yote. Shambulio akapewa miezi sita, kioo miezi tisa. Baada ya hukumu mkewe alikaa koridoni, mimba changa ya miezi mitatu, ya kwanza baada ya kuhangaika miaka saba, haelewi chochote. Bi Kifungu alitoka na faili kwapani, akainama, akamwambia: "Hesabu miezi sita, mwanangu. Akitulia ndani, siku ya kujifungua utakuwa naye."

"Sasa tulia tuhesabu," akamwambia mume. "Miezi tisa, toa theluthi, ambayo ni mitatu. Inabaki sita. Imetimia leo."

"Tisa ya wapi? Ni kumi na tano! Toa mitano, inabaki kumi."

"Kumi na tano kasema nani?"

"Wewe! Hati ni yako, mwandiko ni wako, leo nimeisoma mara tatu. 'Kosa la kwanza miezi sita, kosa la pili miezi tisa, pamoja.' Sita na tisa pamoja ni ngapi? Kamuulize mtoto wa darasa la kwanza."

Nikueleze hapa kidogo, maana ndipo nyumba ilipotaka kuwaka moto. Mtu akipatikana na makosa mawili, hakimu ana njia mbili. Anaweza kuamuru vifungo vifuatane, umalize hiki ndipo uanze kile. Au anaweza kuamuru vitumikiwe kwa wakati mmoja: kila siku unayolala ndani inahesabiwa kotekote, na kifungo kirefu kinakimeza kifupi. Makosa yaliyozaliwa na hasira moja, mahali pamoja, kwa kawaida hupewa njia ya pili. Kule mahakamani wote hulisema jambo hili kwa mkato: adhabu zinakwenda pamoja. Lakini nenda gerezani ukaone. Kule "pamoja" ni neno la chini ya orodha: blanketi mbili, sahani moja, pamoja vitu vitatu. Neno ni lilelile, ofisi mbili, maana mbili, na makarani wa ofisi hizo wanalala kitanda kimoja.

"Miaka ishirini na tisa uko kwenye rejista!" Bi Kifungu alisimama. "Hujui mahakama ikisema pamoja inamaanisha nini? Na kama hujui, si ungeuliza? Mimi nakaa nchi ya nje?"

"Na wewe si ungeandika kama unavyoandika siku zote? Hati zako nazijua kama nijuavyo kiganja changu. 'Zitumikiwe kwa wakati mmoja.' Kila hati, mwaka hadi mwaka. Hii moja tu ndiyo umeandika kwa mkato. Kwa nini?"

Swali lile lilimkalisha. Kwa nini, kweli? Akauliza tarehe. Mume akafungua kidaftari chake cha mfukoni, akamtajia. Bi Kifungu akainuka, akaenda kwenye kalenda ya jikoni, akairudisha nyuma miezi sita hadi kwenye Ijumaa ile. Ndani ya kijisanduku cha siku palikuwa na neno moja kwa mwandiko wake: miwani.

Hapo yote yakamrudia. Ijumaa ile Bwana Theluthi alikuwa amebisha dirisha la ofisi yake saa tisa na nusu. Miezi mingapi alikuwa akisoma gazeti kwa kulisogeza mbali hadi mkono ukaisha, hataki kukiri, na siku hiyo hatimaye alikubali kwenda kupimwa macho. Duka linafungwa saa kumi. "Twende pamoja, mama," alimwambia kupitia nondo za dirisha. "Nikienda peke yangu watanivisha fremu ya kike." Na Bi Kifungu, huku anacheka, huku kalamu ingali mkononi na hati ya fundi ipo mezani, alikuwa amebakiza mstari mmoja. Akaandika "pamoja", akampa hakimu akasaini katika lundo la mwisho la wiki, akakimbilia mkoba wake.

"Neno lenyewe ni lako," akamwambia sasa, sauti imeshuka. "Wewe ndiye uliyelisema dirishani, mimi nikaliandika."

"Na Jumamosi asubuhi nikalisoma kwa miwani mipya," mume akajibu. "Nilikuwa najisifu ofisi nzima jinsi herufi zinavyosomeka."

Wakatazamana. Kicheko kilitaka kutoka kikakwama, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwona yule binti kwenye benchi, na mfuko wa viatu.

Mume ndiye aliyeanza. "Sikiliza. Kesho naandika dokezo kwa mkuu wa gereza. Nasema nimeisoma hati vibaya, naomba ufafanuzi wa mahakama. Kosa langu. Mimi nimebakiza miaka miwili, na faili langu lina madoa tangu enzi za ujana. Wewe una mwezi mmoja, mama. Mwezi mmoja!"

Na tusidanganyane: kwa muda wa nusu kikombe cha chai, Bi Kifungu alifikiria kukubali. Ile sentensi ilikuja ikamkalia mbele, imechapwa vizuri. Hajapata kuonywa. Akaona ukumbi, akaona wanawe wamekuja, akaona mwenzake anaisoma kwa sauti. Ilikuwa tamu, na hakuna ambaye angejua.

"Dokezo lako litachukua siku ngapi?" akauliza.

"Likipita kwa mkuu, likaja masijala, likaenda kwenu, likarudi..." Akahesabu vidole. "Wiki mbili. Tatu."

"Na yule binti mimba yake inasubiri masijala?"

Bwana Theluthi akakunja vidole vyake.

"Mimi ndiye niliyemwambia siku ya kujifungua atakuwa naye," mke akasema. "Sikumwambia karibu na siku hiyo. Nikienda mwenyewe asubuhi na faili mkononi, kesho hiyohiyo anatoka. Halafu ukome kunipa msamaha ambao sikuuomba."

"Nakupenda, ndiyo maana."

"Najua. Ningekuwa sijui ningekubali."

Siku ya pili saa moja na nusu alikuwa chumba cha mafaili kabla hata mfagizi hajafika. Akalivuta faili la fundi, akafungua kumbukumbu za shauri zilizoandikwa na hakimu kwa mkono wake. Ilikuwa pale, wazi kabisa: makosa yametokana na tukio moja, vifungo vitumikiwe kwa wakati mmoja. Akapiga chapa hati ya marekebisho, kwa kirefu, akaisoma mara nne. Kisha akaenda kubisha mlango wa hakimu.

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo, wa umri wa binti yake wa kwanza. Alipoletwa pale akiwa mgeni, Bi Kifungu ndiye aliyemwonyesha kila rafu.

"Mheshimiwa," akasema, hakukaa, "nimemfunga mtu miezi minne ambayo wewe hukumfunga."

Akaeleza yote. Akataja dirisha, akataja miwani, hakuficha. Hakimu alisoma hati ya zamani, akasoma ya marekebisho, akasaini, akagonga muhuri. Kisha akaweka kalamu chini na kuangalia mikono yake.

"Na mimi niliisaini ile ya kwanza, mama."

"Ulisaini ukiniamini mimi."

"Sikupaswa kusaini nisichokisoma. Hilo nitalijibu mwenyewe kwa wakubwa wangu." Akavuta pumzi. "Lakini wewe una mwezi mmoja. Naweza kukukaripia hapa hapa kwa mdomo, tukaishia humu ndani."

Bi Kifungu alikumbuka watu wote aliowatazama wakisimama kizimbani wakiomba wapunguziwe, na jinsi yeye alivyokaa pale chini na kalamu yake, ametulia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Leo ulikuwa umemgeukia, na kweli ulichoma.

"Karipio la mdomo ni la kuchelewa kazini," akasema. "Kosa la maandishi lililomgusa mfungwa ni onyo la maandishi, na nakala inakwenda kwenye faili. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo mwaka uliofika hapa."

"Ulinifundisha vizuri mno," hakimu akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akavuta karatasi.

Hati ile Bi Kifungu hakuiacha isubiri gari la mahakama. Aliipeleka kwa miguu. Njiani alipitia nyumba ya shangazi yake yule binti, jirani na gereza, alipofikia tangu jana, kama mume alivyomwelekeza. Walikwenda polepole wamekamatana mikono, shati na mfuko wa viatu akivibeba Bi Kifungu.

Kwenye dirisha la rejista, mume alipokea hati kama aipokeavyo ya mtu mwingine yeyote. Akavaa miwani. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho: "...zitumikiwe kwa wakati mmoja."

"Inasomeka?" mke akauliza.

"Inasomeka, bi karani."

Fundi aliitwa kutoka kiwanda cha kushonea. Alikuja na futi ya kupimia ingali shingoni, anadhani kuna sare imepasuka. Alipoambiwa, alisimama tu. Akaambiwa tena.

"Kumbe ilikuwa tisa?" akasema. "Mimi nilisikia sita, nikasikia tisa, yaliyofuata sikuyaelewa. Nilipofika hapa nikaambiwa baada ya miezi kumi utatoka. Nikajua mmenihesabu mnavyojua."

"Hukuuliza?" Bwana Theluthi alimwuliza, kwa sauti ndogo.

"Aliyefungwa haulizi hesabu, baba. Anahesabu anachopewa."

Maneno yale yaliwapiga wote wawili, kila mtu upande wake wa dirisha. Bi Kifungu akajikaza.

"Aliyekosea kuandika ni mimi, mwanangu. Jana ulipaswa kulala kwako. Usiku huo mmoja siwezi kukurudishia. Nisamehe."

Fundi alimtazama, akamtazama na mkewe aliyekuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya tumbo. Sijui kama aliyasikia yote. "Mama, tumeshasameheana," akasema. "Niachie nimwone huyu."

Shati likamning'inia, kwa jinsi alivyokonda. Akaanza kulifunga kutoka juu, fundi ni fundi, akagundua kasoro pale pale. "Mke wangu, shati hili kifungo kimoja kimekatika."

"Ee, baba weee," mke akasema, machozi na kicheko vinamtoka kwa mpigo. "Kifungo kikikatika leo, nani alie?"

Ofisi nzima ililipuka kwa kicheko, hata askari wa getini aliyekuwa hajacheka tangu mwaka uanze. Bwana Theluthi alilazimika kuvua miwani aipanguse.

Ijumaa zilikuja bahasha mbili. Ya mke ilitoka mahakamani: onyo, kwa uzembe katika kuandaa hati. Ya mume ilitoka kwa mkuu wa gereza: onyo, kwa kutoomba ufafanuzi wa hati yenye utata. Hii ya pili hakuna aliyeilazimisha. Mzee alijipeleka mwenyewe kwa mkuu wake Jumatano ileile mchana, akasimama wima, akajishitaki. Mkewe hakuambiwa mpaka bahasha ilipofika. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akaenda jikoni akawasha bomba la maji kwa nguvu ili asisikike analia.

Baada ya kula, Bwana Theluthi alitafuta pini, akazibandika barua zote mbili nyuma ya kalenda, bega kwa bega, mahali pa maonyo. Akarudi nyuma hatua moja kuzitazama.

"Ile barua ya kukuaga wataifanyaje sasa?"

"Ile sentensi wameifuta. Mwenzangu aliniuliza aweke nini badala yake, nikamwambia paache wazi. Sitaki neno lingine."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Binti kajifungua alfajiri, umesikia? Fundi alikuwepo."

"Nimesikia." Akageuka. "Sasa, mheshimiwa, hawa washitakiwa wawili, adhabu zao wanazitumikiaje?"

"Pamoja," mke akasema.

Akamtazama juu ya miwani. "Pamoja ipi?"

Bi Kifungu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua kalamu, akaenda kwenye kalenda, na chini ya zile barua mbili akaandika kwa kirefu, bila kukata hata herufi: kwa wakati mmoja, nyumba moja, mpaka mwisho.

Mume akasoma. Akakunja mikono ya shati, akaosha vyombo vyote, na sufuria.